Maneno Yaliyoangukia Kanga Nyingine

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuvuta maneno. Nilikaa ghorofa ya kwanza ya duka la vitambaa Kariakoo, mtaa ambao ukifungua dirisha unasikia wenye mikokoteni wakiomba njia na wauza vyombo wakigonganisha masufuria. Mbele yangu kulikuwa na kompyuta. Upande wa kushoto wa kioo chake ilikaa orodha ya maneno ya kanga yaliyoletwa na wateja. Upande wa kulia zilikaa picha za kanga zenyewe, ndogo ndogo, safu kwa safu, kila moja na pindo lake na mji wake wa katikati, na chini nafasi tupu inayosubiri maneno. Unayashika maneno kwa kipanya, unayavuta mpaka kwenye kanga yake, unayaachia. Ukimaliza unatuma kazi ghalani Gerezani, mashine inachapa. "Mtoto wa chekechea angeweza, dada," alisema yule aliyeitengeneza programu, na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa nampenda.

Alikuwa mdogo wangu. Si wa tumbo moja, lakini tulikulia nyumba moja ya kupanga Magomeni, chumba chao kikitazamana na chetu, na mama yake akisafiri ni mimi niliyekuwa namwogesha. Alipomaliza masomo yake ya kompyuta akawa anazunguka mjini na begi mgongoni hapati kitu, mimi ndiye niliyempeleka kwa bosi wangu. Bosi ni mzee wa Kihindi ambaye duka alilifungua babu yake, na Kiswahili chake cha Kariakoo kinanishinda mimi. Alimtazama kijana juu mpaka chini, akaniuliza mimi badala ya kumuuliza yeye, "Unamjua?" Nikasema namjua kama kiganja changu. Leo nikikumbuka jibu lile natamani kujipiga kofi.

Programu ilikuwa nzuri, nisimdhulumu. Kabla yake tulikuwa tunakata na kubandika karatasi. Ila ilikuwa na ugonjwa mmoja, na niliugundua wiki ya kwanza: ukishika maneno, huoni kama umeyashika. Mshale unatembea peke yake kama mtu asiye na mzigo, na maneno yanabaki palepale kwenye orodha. Ukifika juu ya kanga, kanga haishtuki, haiwaki, haibadiliki rangi. Ukiachia, kimya. Maneno yanaingia, lakini kwenye picha ndogo vile yanaonekana kama sisimizi, ni mpaka uifungue kanga moja moja ndipo uyasome. Na baya kuliko yote, ukikaribia chini ya kioo, ukurasa ulikuwa unapanda wenyewe. Wewe umelenga kanga hii, ukurasa umesogea, kidole kimeachia, na maneno yameangukia jirani. Yakiangukia kanga yenye maneno tayari, yanayafuta ya zamani na kukaa yenyewe, wala hayabishi hodi.

Nilimwambia mara ya kwanza kwa utani. Mara ya pili kwa upole. Mara ya tatu nilimkalisha pale ghorofani, nikachukua mfuniko wa boksi la viatu, nikachora safu za kanga kwa kalamu ya risasi, nikakata vipande vya kitambaa kuwa ndiyo maneno, tukacheza kama watoto. Nilimwambia hivi. Mtu akikupa mtoto mchanga umshike, si anakuuliza, "Umemshika?" Na haondoi mikono yake mpaka useme, "Nimemshika." Sasa hii programu yako inatupa watoto hewani. Nikishika maneno, niyaone yananifuata chini ya mshale, hata kama ni kivuli chake tu. Nikifika juu ya kanga, kanga iwake pembeni, nijue ni hii na si ile. Nikiachia, iniambie nimeshika. Na kama pana maneno mengine, iniulize kabla ya kuyafuta. Nikikosea kabisa, yarudi yalikotoka huku nayaona yakirudi.

Alicheka mpaka akafuta machozi. "Dada, wewe ungekuwa umesoma ungetunyang'anya kazi." Akaupiga picha mfuniko wa boksi kwa simu yake. "Nitafanya. Nipe muda."

Nikampa muda, mwaka mzima. Kila nikiuliza, "Bado kidogo, dada." Mimi nikajifunza kuishi na ugonjwa ule, kama unavyojifunza ngazi yenye kipande kimoja kibovu: unakiruka. Nikawa nafungua kila kanga mara mbili kabla ya kutuma. Watu wakawa wananisifu kwa umakini wangu.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka huo somo yangu alifariki, mfungo ukiwa na siku chache tu. Kwa asiyejua mambo yetu, somo ni mwanamke anayemfunda msichana, anayekaa naye ndani na kumwambia yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema. Somo yangu alikuwa jirani yetu Magomeni, mwanamke wa sauti ya chini na macho makali. Alinifundisha kukaa, kunyamaza, kupokea kitu kwa mikono miwili. Aliponifunda nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilipoachika nikiwa na thelathini na moja alikuja tena, akakaa na mimi siku saba bila kuniuliza nilikosea wapi.

Niseme na hili, maana bila hili hutaelewa kilichotokea. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake tuligombana. Alisema jambo kuhusu mume wangu wa zamani mbele za watu, nami nikamjibu, na mtoto hamjibu somo yake. Tulinuniana miezi mitatu mtaa mzima ukijua. Kisha nikaenda na kanga mpya na sukari, nikapiga magoti, akanifuta machozi kwa kanga ileile. Yakaisha. Lakini mtaa hukumbuka ugomvi, upatanisho hauna watazamaji.

Ramadhani ile mdogo wangu alifuturu kwangu karibu kila Jumamosi. Uji wa pilipili manga, tambi, kaimati. Alinipa pole ya msiba, akaniambia somo yangu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Nikalia, naye akanishika bega. Nayataja haya makusudi. Usiyasahau.

Arobaini iliangukia mfungo mosi, baada ya Idi. Binti mkubwa wa marehemu, ambaye nilikua naye kama dada, aliniambia, "Kanga za mama utaandaa wewe. Nani mwingine?" Nilichagua pindo mwenyewe, nikatunga maneno mwenyewe: *Mama umetufunda, dua zetu zinakufuata.* Wiki hiyohiyo kikundi kimoja cha kina mama wa Ilala kilileta kazi yao. Walikuwa wamemkorofisha mwenyekiti wao mpaka akatoka kwa hasira, na kwenye sherehe yao walitaka kumtumia salamu. Maneno yao: *Umeondoka, tumepumua.* Tulicheka sana duka zima. Yalikuwa maneno mazuri, mafupi, yenye pilipili.

Ijumaa kabla ya adhuhuri nilikuwa namalizia. Niliyaweka maneno ya somo yangu, nikaifungua kanga, nikayasoma mara mbili, nikasema amina. Kanga ya Ilala ilikuwa safu ya juu yake, karibu na ukingo wa chini wa kioo. Bosi akaita kutoka chini kwamba gari la ghalani linaondoka kabla ya watu kwenda msikitini. Nikashika maneno ya Ilala, nikayavuta, nikaachia. Kimya, kama kawaida. Nilikuwa nimeshafungua kanga zote kuzikagua isipokuwa ile ya mwisho, na ile nikajiambia ni utani wa watu wa Ilala, hata kama imekosewa watacheka. Nikatuma. Hilo ni kosa langu na sijawahi kulikataa.

Kanga ya Ilala ilichapwa bubu, nafasi ya maneno nyeupe pee. Wao kweli walicheka. "Mmeogopa nini?" walimuuliza bosi. Lakini maneno yao hayakupotea. Ukurasa ulikuwa umepanda, nayo yakaangukia kanga ya chini yake, ile ya somo yangu.

Kanga za arobaini zilikuja zimekunjwa, zimefungwa kwa utepe, maneno ndani. Nilizibeba mwenyewe mpaka Magomeni, kifua mbele. Baada ya khitma binti yake akazigawa kwa wanawake waliokaa uani, kila mmoja doti moja. Dada mkubwa wa marehemu, bibi wa miaka themanini, akasikia baridi, akafungua ya kwake ajitande. Mjukuu aliyekaa nyuma yake akayasoma maneno mgongoni kwa sauti, kama watoto wanavyosoma kila kitu. *Umeondoka, tumepumua.*

Hakuna aliyepiga kelele. Ningeshukuru kama wangepiga. Kanga zilifunguka moja baada ya nyingine, zikasomwa, zikakunjwa tena kimya kimya, na macho yakaanza kunijia. Pwani hii watu hawaamini kwamba kanga inaweza kukosea. Mwanamke akivaa maneno mbele yako amekuambia. Akikuletea kwenye msiba wa mama yako amekuambia mara mbili. Na kila aliyekuwa pale uani alikumbuka ile miezi mitatu.

Nikasema ni kompyuta. Nikasema maneno yamehama. Binti wa somo yangu alikuwa anazikusanya kanga, moja juu ya nyingine. "Kanga haijiandiki," alisema. Kisha akaniomba niende nyumbani.

Bado sikuvunjika moyo. Nilikuwa na shahidi. Nilijua kwamba kuna mtu mmoja Bongo nzima anayeweza kusimama mbele ya bosi, na kisha mbele ya familia ile, akasema: programu yangu ina ugonjwa huu, dada aliniambia mwaka mzima, maneno yanaweza kuangukia jirani bila mtu kuona. Dakika tano tu. Nami nilimwogesha mtu huyo.

Jumatatu bosi alituita wote wawili. Hakuwa mkali. Alimuuliza, "Kijana, niambie kweli. Hii programu inaweza kuhamisha maneno?"

Mdogo wangu alikitazama kioo, akakishika kipanya, akakizungusha kidogo. "Mzee, programu inafanya inachoambiwa."

"Mbona nilikuambia ukurasa unapanda?" nikasema. "Ule mfuniko wa boksi uliupiga picha!"

"Tuliongea mengi, dada," akasema, na bado hakunitazama. "Yale yalikuwa ya kupendezesha tu, rangi rangi." Kisha akamgeukia bosi, kwa sauti ya huruma kabisa. "Dada alikuwa na msiba, mzee. Labda mawazo yalikuwa mbali. Tusimlaumu."

Nimetukanwa na watu maishani, na wengine walikuwa na haki. Hakuna tusi lililonichoma kama ile *tusimlaumu*. Maana ukitukanwa unajibu. Ukihurumiwa mbele ya bosi wako kwa kosa ambalo anayekuhurumia anajua chanzo chake, unajibu nini? Bosi akanitoa kwenye kompyuta, akaniweka chini kukunja vitambaa. Mwezi ulipoisha nikaaga. Binti wa somo yangu nilimtumia watu watatu, mmoja baada ya mwingine, wakamweleze kuhusu mashine. Wote walirudi na jibu moja, kwamba amesikia.

Mdogo wangu hakuja tena kwangu. Nikimpigia, yuko kwenye kikao. Mama yake nikikutana naye sokoni, shikamoo yangu aliipokea akitazama nyanya.

Miezi minane ikapita. Nikawa natunga maneno ya kanga kwa ajili ya maduka, kazi ya kalamu na karatasi, naipenda. Siku moja nikapeleka karatasi zangu duka moja kubwa mitaa miwili kutoka kule nilikokuwa. Binti wa kompyuta alikuwa mchangamfu. "Mambo, dada! Ngoja niyaweke sasa hivi uone. Hii programu yetu ni tamu balaa."

Akayashika maneno yangu, nikayaona yakinyanyuka. Kivuli chake kikafuata mshale, hafifu, kama maneno yanayosomeka upande wa pili wa kanga. Akayapeleka juu ya kanga moja, pembe zake zikawaka rangi ya manjano. Akayasogeza, ile ikazima, jirani ikawaka. Akayapeleka makusudi juu ya kanga yenye maneno tayari, na programu ikauliza: *Pana maneno hapa. Niyatoe?* Akabonyeza hapana, yakarudi mpaka kwenye orodha, taratibu, tukiyaona yakirudi. Mwishowe akayaweka panapostahili, na chini ya kioo kikatokea kisanduku kidogo chenye neno moja.

*Nimeshika.*

Niliketi. Binti akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia anioneshe ukurasa unaoeleza mambo mapya ya programu, maana nilijua upo: hii ilikuwa programu ya mdogo wangu, na yeye alikuwa mtu wa kuandika kila alichobadilisha. Akaufungua. Yote yalikuwepo kwa mtiririko: kivuli, kuwaka, kuuliza, kurudi. Kando yake tarehe. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Ilikuwa Shaaban. Wiki mbili kabla ya mfungo.

Yaani alipokuwa anakula kaimati zangu, dawa ilikuwa imeshapatikana. Aliponishika bega nikimlilia somo yangu, maneno hayakuwa yanaanguka tena kwenye duka la mtaa wa pili, na kwangu yalikuwa yanaanguka bado. Na siku ile aliposema mbele ya bosi kwamba programu inafanya inachoambiwa, alikuwa anajua kuliko mtu yeyote duniani kwamba anasema uongo, kwa kuwa kasoro hiyo alishaikarabati kwa mikono yake.

Nilimpigia kwa simu ya binti yule, akapokea. Nikamtajia tarehe. "Dada, wale wa duka hilo walitaka ile mpya iwe yao peke yao. Ningekubali mbele ya mzee kwamba kuna kasoro, angeuliza kwa nini sijamrekebishia. Ningesema nini?"

"Ungesema kweli."

"Ungefanya nini wewe ungekuwa mimi?"

Nikakata. Binti akaniletea maji. Kisha nikamwomba anichapie ukurasa ule.

Nilienda nao Magomeni siku hiyohiyo, alasiri. Nilijua nitakachosema neno kwa neno. Binti wa somo yangu alikuwa uani anachambua mchele. Alinikaribisha, akanisogezea kigoda, na moyo wangu ukafunguka. Nikampa karatasi. Nikamweleza yote, kivuli na kuwaka, mfuniko wa boksi, Shaaban na mfungo mosi, namna nilivyosalitiwa na mtoto niliyemlea. Nililia nikieleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kidole kwenye ile tarehe.

"Kwa hiyo yeye alijua kwamba maneno yanaweza kuangukia pengine," alisema.

"Alijua!"

"Na wewe ulimwambia mwaka mzima."

"Mwaka mzima, wallahi."

Akaikunja karatasi mara mbili, akanirudishia. "Basi mlijua wawili," alisema. "Ulijua ile mashine inaangusha, na ukaweka mama yangu humo. Ukatuma bila kutazama. Miezi yote hii nilikuwa nakusubiri uje useme, dada, nimekosa. Umenitumia watu watatu waniambie habari za mashine. Leo umekuja mwenyewe, na umeniletea karatasi ya mashine."

Nikasema nimekosa. Nilisema mara nyingi. Yalitoka vibaya, kama mtu anayekumbushwa kusalimia.

Aliinuka akaingia ndani, akarudi na doti moja ya kanga, bado imefungwa kwa utepe niliouchagua mimi. Nyingine, alisema, walizikata maneno wakawapa wenye watoto wachanga wafanyie winda. Hii aliiweka. "Ya kwako," akaniambia. "Hukupewa siku ile."

Sikuwa na haja ya kuifungua. *Umeondoka, tumepumua.* Mara ya kwanza maneno yale yaliingia nyumba ile kwa bahati mbaya. Safari hii mwanamke mwenye akili zake alikuwa ameyashika, amenitazama, na anasubiri niyapokee kabla ya kuachia.

Nikanyoosha mikono miwili, kama alivyotufundisha mama yake.